Siku Niliyoyapiga Pasi Makaratasi ya Padri

Nawasimulia kwa sharti moja, mkitaka kucheka chekeni sasa na yaishie hapa, maana kuna aibu mtu anazizoea kama kiatu kinachobana, na kuna nyingine ambazo kila ukizikumbuka, hata ukiwa peke yako jikoni, unajikuta umefunika uso kwa mikono. Hii yangu ni ya aina hiyo. Imepita miaka na bado nikipanda basi la kwenda Auderghem nakaa upande usioonyesha ule ukumbi wa parokia.

Wakati huo nilikuwa mhudumu wa hafla kwenye mtaa wa ofisi za Ulaya, pale karibu na metro Schuman, kazi ya kuzunguka na sinia la glasi katikati ya watu wenye suti wanaochukua glasi bila kumwona aliyeishika, na katika kazi ile kitu pekee nilichowahi kusifiwa ni shati langu. Msimamizi wetu alikuwa akiwaonyesha wenzangu, tazameni shati la Deo, hivyo ndivyo shati linavyotakiwa kuwa, na mimi (sasa hivi naona haya hata kusema) nilianza kujiona kwamba kwa habari ya pasi hapa Brussels nzima sina mpinzani. Nilikuwa napiga pasi mpaka soksi. Nilikuwa napiga pasi kitambaa cha kufutia vyombo.

Jumapili moja kila mwezi tulikuwa na misa ya Kiswahili kule Auderghem, wengi wakiwa Wakongo wa Lubumbashi na Likasi, na sisi Watanzania wachache tuliojibanza humo humo, na misa yenyewe alikuwa anatusomea Padri Joris, mzee wa Kibelgiji aliyekaa Katanga karibu maisha yake yote mpaka Kiswahili chake kikawa cha kule kule. Tulidhani tunamjua. Kumbe hatukujua kwamba hakuzaliwa Ubelgiji, alizaliwa Detroit, Marekani, ule mji wa viwanda vya magari, baba yake alikuwa amekwenda kule kutafuta kazi kama walivyokwenda watu wengi wa kwao, na mama yake alifia huko huko, Joris akiwa mtoto mdogo, ndipo baba akarudi na mtoto na sanduku moja la makaratasi. Siyo makaratasi ya maana. Tiketi za tramu, tiketi za sinema, lebo za sabuni, matangazo ya dansi ya Jumamosi, karatasi za pipi, menyu ya kantini ya kiwandani, vitu ambavyo mtu mwingine anavitupa kabla hajafika kwenye kona. Baba hakutupa hata kimoja.

Maman Béatrice, kiongozi wa kwaya yetu, aliliona lile sanduku siku alipompelekea Padri supu akiwa na mafua, na Maman Béatrice akishaona kitu hakuna cha kumzuia. Akaamua tufanye maonyesho ukumbini, watu waone kwamba hata Wabelgiji walishawahi kufungasha virago na kwenda kutafuta maisha kwa watu, na kwamba hatukuianza sisi biashara hiyo. Mimi akanipa kazi ya kuyabandika makaratasi kwenye mbao.

"Wewe Deo uko na mukono ya mupole," aliniambia. "Na uko musafi."

Hapo aliponiita msafi ndipo nilipopotea.

Padri alinikabidhi sanduku siku ya Ijumaa mlangoni kwake, kwenye ile nyumba ya mapadri wastaafu karibu na msitu. Alikuwa ameyapanga ndani ya bahasha, na bahasha nyingine za plastiki za kuyawekea alishanunua mwenyewe.

"Bon, Deo," akasema. "Utatia kila moja mu plastiki, donc utabandika. Njo hiyo tu."

Nikasema ndiyo Padri. Nikalibeba mpaka chumbani kwangu Ixelles, na Jumamosi mchana, nikiwa nimeshapiga pasi shati langu jeupe la kuvaa jioni ile ile kwenye maonyesho, nikafungua bahasha ya kwanza na kukuta vikaratasi vimekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa. Nikavitazama. Nikaitazama pasi, bado ya moto.

Hapo ndipo. Ningeizima ile pasi tu, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Nikajiambia Padri ni mzee, hakutaka kunisumbua, lakini atafurahi. Meza yangu ya pasi kitambaa chake kilikuwa kimeungua mahali na kubaki na madoa, nami nikaona haifai kulaza vitu vya Padri juu ya madoa, kwa hiyo nikalitandika lile shati, mgongo juu, nikawa naweka karatasi juu yake, uso chini ili pasi isiguse picha (nilijiona mtaalamu kweli), napitisha moto kidogo, nainua, inatoka imenyooka kama noti mpya. Tiketi za tramu, safi. Matangazo ya dansi, safi. Menyu ya kantini ilikuwa imekunjwa mara nne, nikaifanyia kazi mpaka usingejua imewahi kukunjwa. Nilikuwa naimba, jamani.

Ya mwisho ilikuwa kubwa, karatasi ya kufungia mkate, ile yenye nta ambayo zamani walikuwa wanafungia mkate dukani, ina picha ya msichana mwenye mashavu ya mviringo anauma kipande cha mkate, na maneno makubwa ya Kiingereza kuusifia mkate huo kwa ulaini. Hiyo ndiyo ilikuwa imekunjamana kuliko zote, mikunjo juu ya mikunjo. Nikaongeza moto. Nikasikia harufu ya mshumaa, na saa hiyo hiyo simu ikaita.

"Deo, uko wapi?" Ni Maman Béatrice. "Bantu beko naanza kufika, ukuta uko mutupu, mi niwaonyeshe nini?"

Nikabana simu kwa bega, nikaibandua karatasi taratibu maana ilikuwa imenata, na mtu akiniuliza ilikuwaje sikuona, jibu langu ni kwamba macho yangu yote yalikuwa kwenye karatasi kuangalia kama imechanika. Haikuchanika. Ilikuwa imepauka, nikadhani ni taa. Nikaitia kwenye plastiki, nikavuta shati nikalivaa huku namjibu Maman, nikavaa koti juu, nikakimbilia basi na sanduku kifuani.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanakwaya na waume zao, masista wawili wazee, wastaafu wa Kibelgiji waliofanya kazi Kongo enzi zao, meza ya sambusa na beignet, yale maandazi ya Kikongo, na vile vyuma vya kupashia joto vinachoma kweli kweli, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvua koti. Nikawageuzia watu mgongo na kuanza kubandika. Nikasikia kicheko kidogo nyuma yangu, nikadhani ni mambo yao. Kikaja kingine. Nikageuka, sista mmoja akatazama chini, nikamtabasamia, nikaendelea. Kuna mtu akanipiga picha, nami nikajiweka sawa kidogo, nikanyoosha mabega, ili shati lionekane vizuri.

Nilipomaliza, Maman Béatrice akaniambia niseme maneno mawili, na mtu mwenye akili angesema karibuni, basi. Mimi nikasimama mbele ya mbao zile nikasema, kwa Kiswahili halafu kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, kwamba makaratasi haya yalikuja kwangu yakiwa katika hali mbaya, yamekunjamana, lakini kwa mikono yangu mwenyewe nimeyanyoosha yote, moja baada ya jingine, na sasa yako kama yametoka kiwandani leo. Nilisema hivyo hivyo, kama yametoka kiwandani leo. Baadhi ya watu wakapiga makofi. Padri Joris alikuwa ndiyo kwanza anaingia, anavua skafu, nikaona amesimama pale pale mlangoni.

Nikageuka kuwaonyesha ile karatasi ya mkate, na hapo mama mmoja wa Kibelgiji, mwenye huruma, akanigusa kiwiko akasema kwa sauti ya chini, "Monsieur, mgongo wako."

Ilikuwa Novemba, nje giza limeshaingia, na dirisha kubwa la ukumbi limekuwa kioo. Nikapinda shingo. Kwenye kioo nikamwona yule msichana wa mashavu, mzima mzima, kuanzia mabegani kwangu mpaka kiunoni, anauma mkate, na maneno ambayo kwenye shati yalikuwa yameandikika kinyume sasa yanasomeka vizuri kabisa, yanautangazia ukumbi mzima kwamba mimi ni laini kuliko wote na nimeshakatwa vipande tayari kwa meza. Wino wote ulikuwa umehamia kwangu. Nikatazama plastiki ukutani, ndani yake kuna kivuli tu, karatasi ya njano yenye alama ya shavu.

Watu wakacheka sasa bila kujificha, Maman Béatrice alicheka mpaka akashika meza, na mimi, mtu afanyeje, nikacheka nao, nikazunguka hata mara moja ili wote waone. Nilikuwa katikati ya kuzunguka nilipomwona Padri. Alikuwa anapita kwenye mbao polepole, anaweka kidole juu ya kila plastiki, kisha anaenda kwenye nyingine. Alipofika kwangu hakutazama shati.

"Umezipiga pasi?" akaniuliza.

"Ndiyo, Padri."

"Zote?"

"Zote, Padri."

Akatikisa kichwa polepole, siyo kwa hasira, kama mtu anayehesabu jambo moyoni. Halafu akasema, na nadhani alikuwa ananiambia mimi tu, ila kila mtu alisikia:

"Hii karatasi ya mukate, mama alikuwa nanifungia nayo mukate ya masomo. Kila asubuyi ileile karatasi, juu hatukukuwa na nyingi. Photo ya mama haiko, unaona. Mambo ya mukono yake nilibakiyaka nayo ni ile mikunjo."

Nilijaribu kusema samahani, ikatoka sauti ya mtu mwenye mafua. Mgongo wangu, ambao dakika moja iliyopita nilikuwa nauzungusha kama mwanamitindo, nikauegemeza ukutani, na nikabaki pale.

Watu walipoanza kuondoka, Padri aliitoa karatasi kwenye plastiki, akaomba kipande cha mkate mezani, akaketi. Akakiweka katikati, akakunja upande mmoja, akasita, akaufungua, akakunja upande mwingine kwanza. "Hapana," akajisemea. Akajaribu tena. Lakini nta ilikuwa imeisha na karatasi imekauka, na katika mkunjo wa tatu ikapasuka kwa sauti ndogo sana. Maman Béatrice akaenda jikoni, nikasikia anafungulia bomba la maji na haoshi kitu. Padri akavikusanya vile vipande viwili, akavilaza pamoja.

"Bon," akasema. "Tuache sasa, mwana wangu. Kula sambusa."

Nikala. Ndiyo, nilikula ile sambusa, nimesimama, shati likiwa limenigandia mgongoni, kwa sababu aliniambia nile na sikujua kitu kingine cha kumfanyia.

Mwezi uliofuata nilikaa nyumbani, sikwenda misa. Uliofuata tena nikaenda, nikakaa nyuma kabisa, na baada ya baraka Padri akapita watu wote akaja kunisalimia mimi kwanza, akaniuliza habari za kazi, akaniuliza kama mama yangu yuko hai, nikasema yuko Bukoba, akasema umupigie simu leo. Hakulitaja lile jambo, siku ile wala siku nyingine mpaka alipofariki. Nadhani angenigombeza mbele za watu, hata kwa dakika moja, ningekuwa nimeshapona.

Siku hizi pale parokiani wakiandaa maonyesho na kuniuliza nitasaidia wapi, nawaambia mimi nipangieni viti. Viti nabeba vyote, navifuta, navipanga mistari. Karatasi ya mtu siishiki.