Mbuzi Watano na Kidonge Kimoja

Kuna Jumamosi moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na kichwa changu unakijua: ni mlango bila kitasa, kila kitu hutoka. Nimeikumbuka tena niliposikia umeandikiwa vidonge kama vyangu, na kwamba unavimeza siku unayojisikia. Nilikuwa bado kijana. Miaka thelathini na sita, ndiyo, lakini kwetu mtu ni kijana mpaka wakubwa wake waishe.

Niliuza tombola, viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya, sokoni hapa Lubumbashi. Kwa kupatana bei hakuna aliyeniweza. Kwa kumaliza jambo moja kabla ya kuanza jingine, hata mtoto wa chekechea alinishinda. Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga. Mimi nilishika kumi huku natafuta ya kumi na moja. Wateja walifika nyumbani na viatu viwili vya mguu wa kushoto. Mke wangu, Mama Sifa, ndiye aliyenikokota kwa daktari. Daktari akaniuliza mambo mengi ya utoto wangu, akasema ugonjwa una jina, trouble ya attention, yaani akili isiyotulia mahali pamoja, na kwamba si uvivu wala uchawi wa mtu. Nilishusha pumzi, maana nilikuwa nimeshamshuku jirani.

Akaniandikia kidonge kimoja kila asubuhi. Nami kwa mazoea nikamuuliza: "Docteur, dernier prix?"

Akasema kidonge hakina dernier prix, hakina bei ya mwisho ya kupatana. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyekubali, kisha nikaenda kupatana peke yangu: siku za soko nameza, siku nyingine naitunza dawa isiishe. Niliona nimempiga daktari bei.

Sasa Jumamosi ile haikuwa siku ya soko. Ilikuwa siku ya mahari. Mdogo wangu Kalenga alimpenda Ngalula, na familia ikanichagua mimi niwe msemaji. Sisi asili yetu ni Mitwaba, mkoa huu huu, wao Kasai; na katika mji huu unajua maneno gani ya zamani, ya mwenyeji na mgeni, huamka chumbani watu wa pande hizo wakikosana. Langoni mwa lupango wao, ua wa nyumba yao kule mtaa wa Annexe, Kalenga, aliyezoea kuniita yaya, yaani kaka mkubwa, alinishika mkono.

"Yaya, bakikatala leo, habatatuita tena."

Upande wao alisema shangazi yake Ngalula, mama mzee mwenye sauti ndogo. Niliwahesabu wajumbe wao, nikawahesabu tena, nikaanza vizuri sana. Kisha, dirishani, nikaona kuku akiingia ndani ya ndoo. Mwanangu, angetokaje? Aligeuka, akasukuma, akapumzika. Nami nilikuwa naye bega kwa bega. Niliporudi chumbani niliwahi mkia tu wa maneno ya shangazi:

"...anamaliza masomo, anajua kazi, iko na heshima. Na nyiye munaleta mbuzi mbili."

Mdomo wangu ni wa sokoni. Ukisikia kitu kizuri kinatajwa kwa bei ndogo, huruka wenyewe.

"Mbili?" nikapiga meza. "Haya ni matusi! Mutoto wa namna hii, hata tano ni kidogo!"

Shangazi akasema taratibu: "Tunaitika tano."

Baba mukubwa, kaka wa marehemu baba yetu, akanigeukia. "Weye uko upande gani?"

Nikajaribu kurekebisha. Nikasema binti ni mzuri, ila si mzuri kiasi hicho. Wajomba wake wakasimama. Kalenga akafunika uso. Hapo ndipo Mama Sifa alipopaza sauti kutoka upande wa wanawake:

"Baba Sifa! Kidonge ulikunywaka asubui?"

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilifichuliwa na mke wangu, na sauti yake inashinda kilio. Nilitaka kunong'ona jibu, lakini chumba kizima kilikuwa kimetega masikio. Nikaeleza yote: ugonjwa, dawa, na jinsi nilivyokuwa naipunguza. Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikafunguka.

"Minauza bitambaa miaka mingi," akasema. "Minaona bantu ya kupunguza bei ya kila kintu. Lakini muntu ya kujipunguza yeye mwenyewe, weye njo wa kwanza." Akawageukia watu wake. "Mukae. Huyu hana zarau. Alikosa tu dawa."

Kidonge kilikuwa mfukoni mwa koti. Daktari alisema nikisahau asubuhi ninaweza kumeza kabla ya saa sita, na saa sita ilikuwa haijafika. Nikameza. Kwa desturi chakula hufuata makubaliano. Siku ile bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo vilitangulia, familia mbili zikila huku zinanitazama kama chungu cha maharagwe.

"Imefika?" akauliza baba mukubwa.

"Bado."

"Na sasa?"

"Baba, hii si basi ya Likasi."

Ilipofika haikupiga hodi. Niligundua tu kwamba kuku analia nje na mimi nimebaki ndani. Shangazi akaanza upya, na safari hii nikasikia maneno yote, kichwa hadi mkia.

"Mbuzi ni salamu tu," alisema. "Mara tatu minakuomba leo: kwenu, mutoto wetu asiitwe mugeni. Siku mukigombana, musimwambie arudie Kasai. Alizaliwa hapa."

Mara tatu! Na mara zote tatu nilikuwa kwenye ndoo.

Hapo sikupatana. Nilimtazama baba mukubwa, akainamisha kichwa. Nikatoa ahadi ile kwa jina la nyumba yetu, bila kuondoa neno hata moja. Mbuzi wakawa watatu. Ndiyo, wawili niliwarudisha zizini. Dawa inatuliza akili, haiui kipaji.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Kidonge hakitakupa akili; akili unayo, ila haijui kukaa. Meza kama ulivyoambiwa. Usiongeze, usikate, usimpe rafiki anayetaka kuonja. Kikikunyima usingizi au hamu ya kula, rudi kwa aliyekuandikia, umwambie. Waambie wanaoishi nawe, ili siku utakapopotea wajue kukuita kwa upole. Na usione haya. Kiatu kilichopotea utakipata kingine. Ila mtu aliyekuomba jambo mara tatu usimsikie, huenda asirudi kukuomba mara ya nne.

Mungu akupe kukaa pale ulipo, akupe watu wa kukurudisha kwa kicheko, na anayekufungulia moyo wake akukute upo. Amina, mara mbili, moja ikiniponyoka ibaki nyingine.