Tulikwenda Naivasha na Hema Lisilo na Vigingi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujifunza kusimamisha hema juu ya saruji. Nyumba zetu za mtaa wa Jericho, Nairobi, zimezunguka ua mdogo uliosakafiwa, na sikuwa na mahali pengine pa kufanyia mazoezi. Nilitazama video za watu wanaopiga kambi kando ya maziwa ya kwao hadi macho yakaniuma. Kisha nikafunga kamba moja kwenye mlingoti wa kuanikia nguo, ya pili kwenye bomba la maji, na nyingine kwenye grili ya dirisha la jirani yetu, Mama Shiro. Hema likasimama wima. Nikalibomoa, nikalisimamisha upya, jioni baada ya jioni, mpaka likawa halina hata mkunjo mmoja.

Siku moja Mama Shiro alikuja amejifunga leso, mkononi ana pakiti ya sukari.

“Poleni sana,” alimwambia Mama kwa sauti ya chini. “Ni nani?”

Kwetu hema likionekana uani, watu wanajua kuna matanga. Baba akachungulia mlangoni akiwa na fulana.

“Bado niko, Mama Shiro. Lakini sukari acha.”

Mama alicheka hadi akaketi. Nami nilifurahi kuliko wote, kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa sababu ya safari hii ya kwenda Ziwa Naivasha. Tangu kiwanda alichofanyia kazi Industrial Area kipunguze watu, alikuwa amekoma kutoka. Hakuwa mgonjwa. Alichoshwa tu na swali moja, “Umepata kazi?”, analoulizwa kuanzia kwa kinyozi hadi kanisani. Nilijiaminisha kwamba siku mbili kando ya ziwa zingemtoa ndani. Pia nilijua zikiharibika, hatanisikiliza tena.

Alikubali kwa sharti moja. Binamu yangu Karis angetupeleka kwa gari lake, Probox, na kurudi Nairobi jioni hiyohiyo. “Nikiona mambo si mambo,” Baba alisema, “narudi na Karis.”

Jumamosi alfajiri tuliondoka kabla Barabara ya Jogoo haijajaa. Mizigo nilikuwa nimeipanga, nikaipangua, nikaipanga tena. Dada yangu Njoki alifungua kikapu cha vyombo, akanikodolea macho.

“Kim, umepanga vijiko kwa urefu? Wewe uko na shida, bro.”

Baada ya Limuru, pale barabara inapoanza kulitazama Bonde la Ufa, tulisimama kununua mahindi ya kuchoma. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka chini, wauza kofia za manyoya wakatuzunguka. Sote tulishuka isipokuwa Baba. Mama alimpitishia hindi dirishani, naye akalipokea na kupandisha kioo. Alilitazama bonde akiwa ndani, kama mtu anayetazama televisheni ya jirani. Mimi hindi langu nilimpa Njoki.

Adhuhuri tulifika ziwani, tukiwa tumepita mashamba ya maua yenye mapaa ya plastiki. Mwenyeji wetu, dada mchangamfu aitwaye Naserian, alitupokea kwenye lango la kambi.

“Karibuni sana. Msiweke hema chini ya migunga, matawi yake huanguka. Wekeni pale uwazini. Na jua likizama, msivuke ule waya. Viboko hutoka kula nyasi.”

Nilimwaga hema chini, nikachukua kamba ya kwanza, nikageuka kutafuta pa kuifunga. Mbele yangu palikuwa na nyasi. Nyuma yangu, nyasi. Hakuna mlingoti, hakuna bomba, hakuna dirisha la Mama Shiro. Hapo ndipo nilipokumbuka mfuko wa vigingi vya chuma. Ulikuwa chini ya kitanda changu Jericho, mahali nilipouweka tangu siku ya kwanza, kwa sababu kwenye saruji havikuingia.

Kwenye kibanda cha mbao kilichokuwa karibu, mzee mmoja aliyevaa kikoi alikuwa akinywa chai barazani na mkewe.

“Kijana, mko sawa?” aliniita.

“Tuko sawa kabisa!”

“Hatuko sawa,” akasema Njoki.

Niliweka begi kila pembe ya hema. Begi la Baba pekee lilibaki kwenye gari. Alikuwa amekataa lishushwe.

Saa tisa upepo wa ziwa uliamka. Uliingia hemani, ukalijaza tumbo, ukalinyanyua. Mabegi yakabingirika huku na huku, na hema langu likaanza kuviringika kuelekea majini. Mimi niliganda. Aliyenipita mbio alikuwa Baba. Sikuwa nimemwona akikimbia tangu nikiwa shule ya msingi.

Yule mzee naye alitua kikombe, akashika kikoi chake, akachomoka. “Zuia upande huo, ndugu yangu! Likifika majini, viboko watalala ndani bure!”

Walilirukia pamoja karibu na waya, wakaangukia juu yake. Hakuna aliyeinuka. Nikadhani Baba ameumia, na kwamba safari imekwisha. Kisha nikasikia kicheko. Baba alikuwa amelala chali kwenye turubai, anahema.

“Wewe kijana, ulijifunzia wapi kazi hii?”

“Kwa ua, Baba.”

“Kwenye saruji?”

“Kwenye saruji.”

Akacheka hadi akafuta machozi. Yule mzee, ambaye jina lake ni Hassan, alimsaidia kuinuka. Alituambia anauza vitambaa vya mapazia Eastleigh, nasi tukamwambia tunatoka Jericho. “Eastleigh na Jericho, majirani!” alisema. “Tumetoka mbali kote huko kuja kukimbiza hema?”

Naserian alileta vigingi. “Stoo vimejaa. Mbona hukuuliza?”

Nikavipokea. Ukweli ni kwamba kuuliza kungeonyesha sikujiandaa.

Jioni Karis alipiga honi. “Mzee! Mimi nageuka. Unaingia?”

Niliendelea kugonga kigingi kilichokwisha kuzama ardhini.

“Shusha begi langu,” Baba alisema. “Huyu tukimwacha peke yake, kesho tutamwopoa ziwani.”

Usiku ulipoingia tulikula pamoja barazani kwa Mzee Hassan, chapati za Mama na chai ya mkewe yenye iliki. Katikati ya maongezi Mzee Hassan akauliza, “Na wewe ndugu yangu, unafanya kazi gani?”

Niliacha kutafuna.

“Nilikuwa kiwandani,” Baba alijibu taratibu. “Sasa sina kazi.”

“Basi kesho hatuna wa kutuharakisha. Tutaenda kuangalia ndege.”

Jumapili asubuhi niliwakuta Baba na Mzee Hassan ufukoni, wakibishana kama yule ndege aitwaye mwari anaweza kumeza samaki mzima. Hema lilikuwa limeegemea upande mmoja. Nilinyoosha mkono kulirekebisha, Mama akanizuia. “Liache. Kunywa chai.” Nikaliacha, ingawa kidogo liliniwasha.

Karis alipokuja kutuchukua, Baba alikaa mbele naye, kioo kimeshushwa njia nzima.

Sasa Baba hutoka. Asubuhi nyingi huenda sokoni, na mara kwa mara hufika Eastleigh kuketi dukani kwa Mzee Hassan. Kazi hajapata bado, na akiulizwa, husema hivyo hivyo na kuendelea na safari yake. Mimi bado napanga mizigo kupita kiasi, lakini nisichokuwa nacho, naomba.