Kahawa Asiyoionja Nathanael Akyoo

Jumamosi ya tarehe 15 Juni 2019, Nathanael Akyoo alilazwa katika hospitali moja ya Arusha akitapika damu. Tangu siku hiyo hajanywa pombe. Kazi yake ni kuchanganya pombe.

Ni mtu wa kaunta katika hoteli moja ya kata ya Themi. Ana miaka arobaini na minne, ni mrefu, mnyamavu, na anasikia baridi kuliko wenzake wote. Kuanzia Juni huvaa sweta chini ya kizibao cha kazi ingawa sheria za hoteli haziruhusu. Hiyo ndiyo miezi ambayo Mlima Meru hauonekani hata kilele, na wageni wanaorudi kutoka mbugani wakiwa na vumbi na kaptura huingia baa wakijikunyata. Waliambiwa Afrika ni joto. Kwa ajili yao, miaka mitatu iliyopita, Nathanael alibuni kokteli ambayo kwenye orodha ya vinywaji imeandikwa Kahawa ya Julai. Hakuna kinywaji kingine kinachoagizwa zaidi ya hicho mpaka Agosti iishe.

Hafichi namna anavyoitengeneza. Kahawa inatoka Akheri, kwenye kihamba cha migomba na mibuni alikozaliwa, na anaikaanga mwenyewe mpaka iwe nyeusi lakini isianze kung'aa mafuta. Tangawizi mbichi, vijiti vya mdalasini, karafuu chache na iliki huvitwanga kwenye kinu kidogo cha mbao. Mashine haitaki, anasema karafuu ikisagwa na mashine inawafunika wenzake wote. Viungo vinachemka polepole pamoja na asali, kisha kahawa nzito inamiminwa humo, inachujwa na kurudishwa motoni, ila haiachwi ichemke tena. Ramu huingia mwisho, moto ukiwa umezimwa. Juu huja krimu iliyopigwa kidogo na kungumanga iliyokunwa papo hapo.

Ramu anaimimina kwa mkono ulionyooka, uso ameugeuzia ukutani, akipumua kwa mdomo. Mgeni asiyemjua hudhani ni madoido ya kazi, na wapo waliompiga picha.

Kwa kuwa haonji, ameazima ulimi. Mwenye ulimi huo ni Sia, mhudumu wa mezani kutoka Machame, mwanamke wa maneno mengi ambaye kila jioni, kabla baa haijafunguliwa, huletewa kijiko kimoja cha kahawa hiyo.

"Tangawizi imezidi, kaka," alisema jioni moja mwanzoni mwa Julai mwaka huu.

"Imezidi au imetangulia?"

Sia alifikiri, kijiko kikiwa bado mdomoni. "Imetangulia. Halafu asali inakuja baadaye imechelewa, kama wewe Jumatatu."

Nathanael aliongeza asali, akakoroga, akampa tena.

"Hapo sawa. Ila ujue siku nikipata mafua hoteli hii itauza chai ya rangi."

"Nitamwita mpishi aonje."

"Mpishi yupi, huyu anayetia chumvi mpaka kwenye embe?"

Nathanael alicheka. Wenzake wanasema hacheki mara nyingi, na Julai ndiyo anacheka mara chache kuliko miezi mingine yote.

Zamani hakuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni. Alikuwa mlevi wa kuchelewa. Alichelewa kazini, alichelewa misibani, alichelewa kwenye harusi ya dada yake, na kila mara alikuwa na maelezo. Mei 2019, mvua za masika zikiwa katika nguvu yake, mkewe Aika alimwomba ampitie binti yao Nice kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto. Nice alikuwa na miaka tisa. Nathanael alipitia mahali kwanza, kwa bia moja. Mtoto alisimama chini ya paa la kanisa, upande unaopigwa na mvua, kwa sababu ndipo baba yake angemwona kwa urahisi akifika. Mlinzi alimkuta hapo giza lilipokwisha kuingia. Nice alilazwa kwa nimonia.

Mtoto alipopona, Aika hakurudi naye nyumbani Themi. Kutoka wodini alikwenda moja kwa moja Kikatiti, kwa wazazi wake. Baba yake, Mzee Eliya Mmasi, ni Mchaga wa Marangu aliyehamia hapo akiwa kijana na kufungua duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Moshi. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Nathanael kulazwa.

Wanandoa hao hawajaachana. Nathanael huenda kumwona Nice Jumapili baada ya ibada, wakakutana mgahawani, kwa kuwa nyumbani kwa Mzee Eliya bado hajakaribishwa. Aika alikwisha kumwambia kwamba yuko tayari kurudi. Nice, ambaye sasa ana miaka kumi na minne, atapata kipaimara Desemba, na amesema anataka siku hiyo atoke nyumba moja na wazazi wote wawili.

Lakini kwa Mzee Eliya, mwanamke aliyerudi kwa baba yake harudi kwa mumewe kwa kupanda gari tu. Mume huja na mzee wa kwao, huomba radhi, na huleta pombe. Kikombe hukitoa kwa mikono yake mwenyewe, na kabla ya kukitoa huonja mbele ya macho ya mkwewe. Mkwe hunywa baadaye, katika kikombe kile kile. Funda hilo moja linaonyesha kwamba hakuna kibaya kilichotiwa kwenye kikombe, wala kilichobaki kwenye moyo wa anayekileta. Mzee akishakunywa, yaliyopita hayasemwi tena.

Kwa miaka mitano Nathanael aliahirisha. Alisema ana kazi, alisema kuna msiba, alisema barabara ina matope. Ndugu zake Akheri walidhani ni kiburi. Aika peke yake alijua kwamba ni lile funda, na msimamo wake alikuwa ameshauweka wazi.

"Ukionja sirudi," alimwambia. "Hata kama anayekwambia ni baba."

Julai hii Mzee Eliya mwenyewe ndiye aliyetuma neno. Lilimfikia Nathanael kupitia kwa Aminiel, kaka mkubwa wa marehemu baba yake. Mzee alikuwa amechoka kungoja. Mbege, pombe ya ndizi, hakuitaka, mbege anayo. Alitaka aletewe hiyo kahawa inayowakalisha Wazungu barazani.

Sia alipoelezwa hakuona tatizo. "Beba chupa mbili. Moja ina ramu, ya mzee. Nyingine haina, ya kwako. Nani atajua?"

"Kikombe ni kimoja, Sia."

"Basi gusisha mdomo tu."

"Hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia kila siku."

Sia alirudi kupanga meza. Baadaye kidogo alipita tena kaunta, akasema taratibu, "Kwetu na sisi ni hivyo hivyo. Asiyeonja, hapokelewi," akaendelea na kazi.

Nathanael alichagua njia ya katikati. Angepeleka kahawa kamili, yenye ramu kama ilivyoagizwa, kisha angeomba Aminiel aonje kwa niaba yake. Aminiel ni mzee, ni wa ukoo, na hana ugomvi na pombe.

Walifika Kikatiti Jumamosi ya tarehe 20 Julai, kabla ya saa sita, manyunyu yakianguka. Mzee Eliya alikuwa sebuleni, nyuma ya duka, amevaa koti zito na kofia ya sufu. Aika alisimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umezeeka."

"Ni baridi, baba."

"Baridi haioteshi mvi." Mzee alimgeukia Aminiel. "Mzee mwenzangu, nasikia Wameru sasa mnachanganya kahawa na pombe. Moja inalaza, nyingine inaamsha. Sasa mnywaji anafanya nini?"

"Analewa akiwa macho," alisema Aminiel. "Hapo tumewapita Wachaga."

Mzee Eliya alicheka kidogo, na kwa muda ilionekana kama mambo yangekwenda vizuri. Nathanael aliomba radhi akiwa amesimama. Hakuzunguka.

"Nilimwacha Nice kwenye mvua kwa ajili ya pombe. Sikuwa na la kujitetea mwaka ule na leo sina."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Nathanael alifungua chupa, akamimina, akaweka krimu aliyoibeba kwenye kopo, akakuna kungumanga. Sebule nzima ilinukia. Kisha akashika kikombe kwa mikono miwili, akainama na kukitoa.

Mikono ya Mzee Eliya haikuondoka magotini.

"Onja."

"Baba, naomba baba mkubwa anionjee. Mimi nimeacha."

"Nimesikia, na ni jambo jema. Lakini Aminiel ndiye aliyemwacha mtoto kwenye mvua?"

"Nipeni tu," alisema Aminiel. "Mimi sina ubaya na funda moja."

Hakuna aliyecheka.

"Hao wa hotelini," Mzee Eliya aliendelea, "unawapa bila kuonja?"

"Kuna dada anayeonja, baba."

"Kwa hiyo kila siku unawapa watu kitu ambacho wewe mwenyewe unakiogopa. Sawa, wao ni wageni, hawajui. Mimi najua. Unataka ninywe kitu ambacho aliyekileta anakiogopa?"

Lilikuwa swali la haki. Nathanael anasema amewahi kujiuliza hivyo akiwa anatwanga karafuu, na kila mara kazi ilimwita kabla hajamaliza kujijibu.

"Hiki sikiogopi, baba," alisema. "Naogopa cha pili."

"Basi onja hicho hicho cha kwanza."

Alikisogeza kikombe karibu na uso. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano hakugeuza kichwa. Tangawizi ilikuwa mahali pake na asali haikuchelewa. Ramu aliisikia chini ya vyote, tulivu, kama mtu anayemfahamu aliyekaa kwenye kiti cha nyuma. Mlangoni Aika alikuwa ameacha kufuta sahani.

Nathanael alikiweka kikombe kwenye sinia.

"Siwezi, baba. Nikionja leo nitaondoka na mke wangu. Baada ya miezi michache utamwona tena hapo mlangoni na mtoto."

Mzee Eliya alikitazama kikombe mpaka krimu ikaanza kuzama. "Katika nyumba hii sijawahi kunywa kisichoonjwa na aliyekileta," alisema. "Sitaanza na wewe. Rudi siku utakayoweza kuonja unachonipa."

Aika aliingia, akachukua kikombe, akatoka nacho hadi kwenye migomba ya nyuma na kukimwaga. Alikiosha, akakifuta, akakirudisha kwenye sinia kikiwa kikavu. Kisha akabaki amesimama hapo.

"Baba, umesema aonje anachokupa."

"Ndivyo."

"Hujasema ni lazima kiwe pombe."

Aliyeshtuka zaidi ni Aminiel. "Kuomba radhi kwa kahawa tupu? Tangu lini? Tutachekwa mpaka Moshi."

"Sijasema ndiyo," alisema Mzee Eliya.

"Hujasema hapana," alisema Aika.

Baba yake alinyanyuka, akachukua fimbo yake na kurudi dukani, ambako mteja alikuwa akiuliza misumari. Hakuaga.

Aika alimsindikiza mumewe hadi getini. Aminiel alikuwa ametangulia barabarani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Begi langu nililifunga jana," Aika alimwambia. "Ningekuona umeonja, ningelifungua."

"Na sasa?"

"Sasa lipo tu. Siondoki kwa baba kama mwizi. Nilikuja mchana, nitatoka mchana, na yeye akiniona."

Jumatatu Nathanael alimwomba meneja amhamishie kwenye zamu ya kifungua kinywa. Meneja alisema Kahawa ya Julai haina mtu mwingine, na orodha haibadiliki mpaka msimu uishe. Kwa hiyo bado anamimina ramu, uso ukiwa ukutani, na Sia bado analetewa kijiko chake. Alhamisi alimwambia viungo viko sawa lakini kahawa imekuwa chungu. Nathanael alikiri kwamba aliisahau motoni.

Aminiel amesema haendi tena Kikatiti kubeba aibu ya watu. Jumamosi hii, tarehe 27 Julai, Nathanael atakwenda peke yake, na chupa moja ya kahawa ya Akheri yenye tangawizi, mdalasini, karafuu, iliki na asali, bila ramu. Ataonja kwanza, kisha atakitoa kikombe kwa Mzee Eliya, ambaye mpaka sasa hajasema kama atakipokea.