Hadithi ya Mchana

Saa nane na dakika kumi mchana nilikuwa nikirudi kutoka kituo cha kuuzia majani chai, na mvua ya mawe ilikuwa imeanza. Niliteleza. Kifundo cha mguu kikapinda na kuvimba hata nikalazimika kuvua buti moja. Nilikata fimbo kwenye ua wa jirani, nikaenda nikirukaruka kwa mguu mmoja hadi nyumbani.

Karibu na jiko nilisikia sauti ya mama. Alikuwa akisimulia hadithi.

Nilisimama. Kwetu hadithi ilingoja ng'ombe wakamuliwe jioni na mlango ufungwe. Mama mwenyewe alitukanya utotoni: ukisimulia mchana, Chemosit, zimwi la msituni, nusu mtu nusu ndege, litadhani limeitwa. Nimejisomea kiasi kuhusu masimulizi ya kale, na huona kwamba sheria ile ilikuwa kama jalada la kitabu: ilituzuilia hadithi zisitoke nje. Mama hakuwahi kuivunja. Hadithi yenyewe haikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba mama hakujua tena kuwa ni mchana.

"Halafu, Gogo?" binti yangu alimwuliza bibi yake, akipukuchua mahindi. Yeye sheria ile haijui. Amelelewa na televisheni.

"Halafu likaja kwa mguu mmoja na mkongojo wake. Tok. Tok."

"Basi viatu linanunua nusu bei!"

"Cheka tu. Litaanza na wewe mwenye nyama."

Nilisukuma mlango. Upepo ukainua karatasi ya nailoni niliyojifunika mabegani, ikapigapiga kama bawa. Mama alinitazama kuanzia fimbo hadi mguu uliokuwa juu. Akarudi nyuma hadi ukutani, akimvuta binti yangu nyuma ya mgongo wake.

"Mama, ni mimi."

"Usiitike," akamnong'oneza. "Linaiga sauti ya baba yako."

"Gogo, lakini huyu ni baba!"

"Ndivyo linavyotaka useme."

Kila neno ambalo mwanawe angelisema, zimwi nalo lingelisema. Mama alipapasa fundo la leso kiunoni, akalirarua, akanitupia miguuni.

"Chukua, ule hicho. Mwanangu yuko njiani, anatoka kuuza majani. Usimguse."

Nilifanya linavyofanya zimwi la hadithi zake likishalipwa: niliokota, nikaondoka kinyumenyume, mvua ikinipiga. Nilikaa nyuma ya zizi hadi ng'ombe walipokamuliwa. Kisha niliacha fimbo na nailoni huko, nikavaa buti kwa kuuma meno, nikaingia kwa miguu miwili.

"Umechelewa, mwanangu," mama akasema, akinishika uso. "Nilikuogopea sana."

Binti yangu aliinamia mahindi, hakucheka tena.

Nilifungua fundo nikiwa peke yangu. Kulikuwa na noti zilizokunjwa ndogondogo, na sarafu. Fidia ya kunikomboa ilikuwa shilingi elfu moja mia nne na themanini.