Nafasi Aliyowekewa Shangazi

Chuoni walimwita Barua, kwa sababu popote ulipomwona alikuwa na bahasha kwapani. Alikuwa mwalimu wa kuwatafutia wanafunzi nafasi za mafunzo kazini, na hakuna mwaka alioumaliza na viatu vizima. Hata mkewe alikuwa akimtania kwa jina hilo: "Haya, Barua, leo umejibiwa?" Siku nyingi hakuwa amejibiwa. Alibisha hodi viwandani, akapigwa danadana na walinzi, akaambiwa njoo kesho na watu ambao kesho hawapo, kisha akarudi darasani kuwatia vijana moyo ambao yeye mwenyewe alikuwa ameupoteza zamani.

Mwaka huo darasa la kuchomelea vyuma lilikuwa na wanafunzi kumi na tisa, na mmoja wao alikuwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu pale. Alikuwa mama wa watoto wawili, miaka thelathini na sita, na wenzake walimpa jina hilo nusu kwa heshima, nusu kwa utani. Lakini kwenye kazi hawakumtania. Akiunganisha vyuma viwili, ungepitisha kidole kwenye mshono usijue kimoja kimeishia wapi. Mwaka uliotangulia alikosa nafasi kiwandani, na sheria ya chuo haina huruma: asiye na kitabu chenye mihuri ya wiki nane hafanyi mtihani, na anayeukosa mara mbili jina lake linafutwa.

"Safari hii nakuwekea pa maana," Barua alimwambia. "Wewe tulia tu."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa kumpenda. Desturi yake ilikuwa kuwasambaza wazembe mapema, popote palipowapokea: kwa fundi wa mageti, kwa watengeneza vitanda, gereji za uchochoroni. Wale hodari aliwaweka akiba kwa ajili ya viwanda vikubwa, kwa sababu hodari mmoja akipeleka sifa njema, mwakani mlango unafunguliwa tena. Kwa ajili ya Shangazi aliweka akiba kiwanda cha matangi. Msimamizi wa karakana ya huko alimwambia kwa simu, "Niletee huyo, mwalimu. Kama ni fundi kweli, hata ajira tutaongea." Barua alifurahi mpaka akasahau kuomba barua ya kumkubali. Yeye, mtu wa barua! Fundi wa mageti alipompigia kuuliza kama kuna mwingine, alimjibu kwa raha kwamba wote wameshapata.

Jumatatu ya mwisho, ambayo ukiipitisha wiki nane hazitimii, walikwenda pamoja kiwandani. Shangazi alikuwa amefua ovaroli na kuipiga pasi. Dada wa ofisi ya wafanyakazi aliwapokea vizuri, akawapa viti, akapitisha kalamu kwenye orodha mara mbili.

"Mwalimu, huyu jina lake halipo."

"Nilizungumza na msimamizi mwenyewe."

"Yule alihamishwa wiki mbili zilizopita. Alikupa karatasi yoyote?"

Barua alifungua bahasha kana kwamba karatasi hiyo ingejizaa humo ndani.

"Pole sana, mwalimu. Nafasi zilikuwa nne na zimejaa. Mjaribu awamu ijayo."

Wakatoka. Barua alimpigia mkuu wa chuo, akaambiwa orodha inafungwa leo saa kumi na kwamba mwaka jana pia walimsubiri Shangazi. Kwa watengeneza vitanda walikuta kufuli. Wakaenda kwa fundi wa mageti, jasho likiwatiririka.

"Si uliniambia wote wameshapata?" fundi alisema, na alionekana kusikitika kweli. "Nimeshamchukua mpwa wangu. Mashine zenyewe ni mbili, mwalimu, nitamweka wapi?"

Pembeni walikuwepo wanafunzi wake wawili, wazembe wa kutupwa, mmoja amezama kwenye simu. Mwingine alikuwa anachomelea bawaba huku fimbo ya kuchomelea ikimng'ang'ania kwenye chuma. Alipomwona Shangazi alinyanyua kinyago akacheka. "Shikamoo, Shangazi! Nisaidie basi."

Shangazi alimshika mkono, akaulaza kidogo. "Usiikandamize. Ivute taratibu, hivyo hivyo." Mshono ukatoka safi. Fundi wa mageti aliutazama, akamtazama Barua, kisha akageuka kupanga nondo zake.

Saa kumi iliwakuta nje, wamekaa juu ya bomba la saruji kando ya barabara. Barua aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka kumi na minne alikuwa amewasingizia wenye viwanda, walinzi, wakubwa, na leo hapakuwa na wa kumsingizia.

"Nisamehe, Shangazi. Nilitaka upate kilicho bora."

Shangazi alikuwa anavua ovaroli, anaikunja polepole, mikono ndani, shingo juu, kama nguo ya kurudishwa dukani.

"Wale wawili uliwapeleka lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Kwa sababu ni wazembe."

"Ndiyo."

Shangazi alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na Barua angetoa chochote awe nayo.

"Mwalimu," alisema, "si ungeniona na mimi mzembe tu."