Kanda ya Moto ya Ruhoi Jazz: aliyeimba humo siye tuliyemdhani

Wakuu, amani iwe kwenu nyote mlioko humu jukwaani.

Jambo hili nimekaa nalo kwa muda nikijiuliza kama nililete au ninyamaze nalo. Mwenyewe linayemhusu amenipa ruhusa, ila akaomba nisiongeze chumvi. Sitaongeza. Majina nimebadilisha, mengine yote yalikuwa kama nitakavyoyaeleza.

Kwa wadogo zetu ambao hamkuukuta muziki wa dansi ukiwa na nguvu zake, nitakwenda taratibu ili tusiachane njiani.

Ruhoi Jazz ilikuwa bendi ya Temeke. Mtindo wao waliuita Nyatanyata.

Santuri zao zipo chache. Lakini sie mashabiki wao tutakuambia kwamba bendi ile haikuwa kwenye santuri. Kwenye santuri wimbo ulikwisha kwa sababu nafasi imekwisha. Ukumbini ulikwisha pale wachezaji walipochoka.

Maneno yakishaimbwa, magitaa yalibaki yenyewe. Solo anauliza, rizimu anajibu, besi anawasindikiza, na wimbo ule ule wa Jumapili iliyopita unakuwa kitu kingine kabisa.

Ndiyo maana tunazitafuta kanda za ukumbini. Mtu alikwenda na redio kaseti yake, akaiweka mezani karibu na jukwaa, akabonyeza. Humo unasikia chupa zinagongana, unasikia mtu anatajwa jina kwa kuwa amemtunza mwimbaji, na mwingine anaulizwa mbona wiki iliyopita hakuonekana.

Tuna grupu letu la simu kwa ajili ya kanda hizo. Admini ni braza Deo, anakaa Sinza. Huyu bwana ana moyo. Amehamisha kanda nyingi kuziingiza kwenye kompyuta kwa mikono yake mwenyewe na hajawahi kumnyima mtu.

Na katika zote, ile tunayoiheshimu zaidi ni moja tu. Tunaiita Kanda ya Moto.

Ilirekodiwa na marehemu mjomba wake Deo, fundi seremala wa Keko, kwenye onyesho la Jumapili mchana. Humo Ruhoi wanakimbia hasa. Na kadiri kanda inavyokwenda, ndivyo wanavyozidi kuchemka. Upande wa pili unapofika mwisho, huwezi kukaa kwenye kiti.

Anayeimba ana sauti nyembamba, ya juu. Sote tulijua ni Chande, kijana aliyejiunga na Ruhoi miaka ya mwisho, ambaye sifa yake ilikuwa sauti hiyo. Hakuna aliyeuliza. Faili lenyewe Deo aliliandika "Chande, Kanda ya Moto", na lilikwenda hivyo kwa kila mtu.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Siku moja aliunganishwa kwenye grupu mama mmoja wa makamo, nitamwita sista Rehema. Alisalimia vizuri, akajieleza. Baba yake alikuwa Athumani, mwimbaji wa Ruhoi kabla ya Chande. Alifariki yeye Rehema akiwa bado ananyonya. Picha anazo. Ila sauti ya baba yake hajaisikia hata mara moja.

Akauliza kama yupo yeyote mwenye wimbo alioimba Athumani.

 

Tatizo tulilijua. Athumani aliimba ukumbini tu. Bendi ilipopata nafasi ya kurekodi, yeye alikuwa ameshatangulia. Deo akamjibu kwa upole kwamba tumetafuta miaka mingi na hatujapata. Rehema akashukuru. Hakutoka kwenye grupu. Kila kanda mpya ikiwekwa, unaona ameisikiliza, na haandiki chochote.

Mie ile hali ilikuwa inaniuma.

Baada ya muda mwanachama mmoja alikutana msikitini na Mzee Kibwana, aliyepiga besi Ruhoi, akamuunganisha. Sherehe ikawa kubwa, shikamoo zikajaa kwenye simu. Deo akamtumia Kanda ya Moto kama zawadi.

Siku ya pili mzee akanipigia mie, kwa kuwa ndiye ninayekaa karibu naye, Vingunguti. Akasema nije kwake, kuna kitu hakielewi.

Nikamkuta na gitaa lake la besi mapajani, anajaribu kuifuata kanda. Akipiga hapa, mlio haukai. Akisogeza kidole mbele, haukai. Sauti ya kanda ilikuwa katikati ya noti mbili, pasipo na pa kuweka kidole.

Akaniambia, "Mwanangu, hapa sipo mie. Bendi yetu haikupigia hapa, wala bendi yoyote haiwezi."

Nikaandika kwenye grupu alichosema mzee. Mmoja akatania kwamba labda gitaa ndilo limezeeka. Mzee akajibu mwenyewe: "Gitaa bado. Niliyezeeka ni mie."

Hapa naomba tusimame kidogo, niwaeleze vizuri, maana ndiyo kiini.

Wote tuliolelewa na redio ya betri tunajua betri zikichoka wakati wa kusikiliza, sauti inavuta, mwimbaji anakuwa kama mlevi. Tunazitoa, tunazianika juani, zinapata uhai kidogo.

Lakini ni wachache waliowahi kufikiria betri zikichoka wakati wa KUREKODI. Mkanda unatembea polepole, wimbo unabanwa kwenye kipande kifupi kuliko stahili yake. Siku ukiucheza kwenye mashine yenye nguvu kamili, kila kitu kinakwenda mbio na sauti zote zinapanda na kuwa nyembamba.

Na betri huwa hazichoki kwa mkupuo. Zinakwenda zikififia. Kwa hiyo kanda ya namna hiyo itazidi kukimbia kadiri inavyoelekea mwisho.

Mnaona tulipokuwa?

Nikampigia Deo kumuuliza mjomba wake alirekodi vipi. Akasema soketi za ukumbini zilichukuliwa na vyombo vya bendi, hivyo mjomba alitumia betri. Halafu akacheka, akaongeza kwamba tangu asubuhi ya siku za onyesho betri zilikuwa zinaanikwa juu ya mabati ya karakana, na mafundi wenzake walikuwa wanamtania anakausha samaki.

Kicheko kikamkatikia. Naye alishaona.

Nikarudi kwa mzee na kompyuta. Tukawa tunaishusha spidi kidogo kidogo, yeye anapiga, mie napunguza, mpaka besi lake likakaa juu ya besi la kandani. Ile sauti nyembamba ikawa imejaa.

Mzee akaweka gitaa chini. "Huyu si Chande. Naona kama ni Athumani."

Nikamuuliza ana uhakika kiasi gani. Akasema miaka ni mingi, hawezi kuapa.

Basi, grupu likawaka. Wapo waliofurahi, wapo waliokasirika kwamba tunaiharibu kanda bora kuliko zote. Mmoja akasema ikishushwa hivyo inakuwa kama bendi imetoka kula ugali. Deo aliumia zaidi, maana ile kanda ni urithi wake na alisikia kama tunamvua mjomba wake sifa.

Ila alisema jambo moja la maana sana, na nalinukuu:

"Ukishusha spidi vya kutosha, hata mie nitafanana na marehemu. Mkimpa yule dada sauti ya mtu mwingine akalala akijua ni baba yake, mtamrudishia nini?"

Hapo utani ukakatika. Alikuwa sahihi. Tukikosea, tungempa Rehema baba wa uongo, na hakuna siku angeweza kugundua.

Nikamfuata Rehema pembeni, nikamweleza kila kitu, pamoja na mashaka yetu. Sikutaka asikie kwa watu. Akaandika kwamba mama yake yu hai, anakaa Keko, na kama kuna anayejua basi ni yeye.

Tukaenda Jumamosi baada ya alasiri. Mie, Mzee Kibwana, na Deo, ambaye nilidhani hatakuja, lakini alikuja na spika nzuri kutoka kwake na kanda yenyewe ndani ya bahasha.

Bi Mwanahawa, mama yake Rehema, alitupokea uani. Mzee Kibwana alipoingia walitazamana, wakaulizana hali za watoto, za wajukuu, za waliokufa. Hawakuwa wameonana tangu msiba. Rehema alikaa mkekani karibu na mama yake.

Mama akauliza tumeleta nini. Rehema akamwambia, "Mama, sikiliza tu. Halafu useme unachokisikia, usinifurahishe mie."

Nikaiwasha kwenye kompyuta, kwa spidi tuliyoishia kwa mzee.

Bi Mwanahawa alisikiliza akiwa ameinamisha uso. Wimbo ukaenda mpaka katikati. Kisha akatikisa kichwa.

"Siye."

Wakuu, sijui niwaeleze vipi.  Rehema alianza tu kuikunja ncha ya mtandio wake, anaikunja na kuikunjua. Deo akamtazama mzee. Mie nikanyoosha mkono nizime.

Mama akanizuia. Akasema subiri. Akasikiliza tena, safari hii uso ukiwa juu.

"Maneno anayatamka kama yeye. Lakini huyu ana haraka. Athumani hakuwa na haraka hata akigombana. Hiyo mashine yenu haiwezi kwenda polepole?"

Nikashusha kidogo. Akasema bado. Nikashusha tena. Nikamtazama mzee kwa wasiwasi, maana sasa tulishapita pale besi lake lilipokaa, na mie niliamini pale ndipo kipimo kilipo.

Mzee Kibwana alikuwa ameshika kichwa.

"Tulikuwa tunalegeza nyuzi," akasema. "Zikiwa nyimbo za Athumani, wote tunalegeza, kwa sababu sauti yake ilikaa chini. Alipokuja Chande tukazikaza moja kwa moja. Nilisahau kabisa hilo."

Ndipo nikaelewa. Mzee alikuwa ameipima kanda kwa gitaa lililokazwa. Kwa hiyo tulikuwa tumefika karibu, lakini hatujafika.

Mzee akanitajia walilegeza kiasi gani, nikashusha mpaka kipimo hicho cha nyuzi zilizolegezwa. Bi Mwanahawa hakusema "bado" tena.

Wimbo ukaenda hadi mwisho. Nyatanyata kwelikweli, mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Magitaa yakabaki yenyewe, na kwa mara ya kwanza nikasikia rizimu anavyojibu, kitu ambacho zile mbio zilikuwa zimekificha miaka yote.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Hakuna aliyemgusa. Baadaye akasema kutoka ndani ya kanga, taratibu, "Ndiye baba yako huyo."

Mie nilidhani Rehema ataomba wimbo urudiwe. Hakuomba.

Baada ya wimbo ule, kabla ya unaofuata, kuna kipande ambacho tumekipita mara nyingi bila kukijali. Makofi yanapungua, mtu anakohoa karibu na maikrofoni, halafu anamwambia mtu wa pembeni, "Naomba maji." Kisha, "Ahsante, ndugu yangu." Basi.

Rehema aliomba hicho. Nikakirudisha. Akaomba tena. Tulikirudia sijui mara ngapi.

Deo akamuuliza kwa upole kama hataki na wimbo pia. Akajibu, "Nitausikiliza. Lakini kwenye wimbo anawaimbia watu. Hapa anaongea tu, kama angekuwa nyumbani."

Tulipoaga, Deo alimpa bahasha. Si nakala, kanda yenyewe ya mjomba. Rehema alikataa, wakavutana kidogo kwa adabu, mwishoni mama ndiye aliyeipokea kwa mikono miwili na kumwombea dua marehemu fundi.

Grupuni sasa kuna mafaili mawili. Lile la mbio lipo, anayelipenda asilaumiwe, tumecheza nalo miaka mingi. La pili limeandikwa jina la Athumani. Aliyeliandika ni Deo.

Ninachowaachia wakuu ni hiki.

Wenye kanda za zamani, msizitupe kwa kuwa zinakwaruza. Hamisheni kama zilivyo kwanza. Msikate maongezi wala kikohozi, na msiondoe kelele ili ipendeze, kwa sababu hujui mwenzio atakuja kutafuta nini humo. Kama bendi inakimbia kupita kiasi, jiulizeni iliyokimbia ni bendi au mkanda. Ni kazi ya uvumilivu lakini si ngumu, na yeyote mwenye kompyuta ya kawaida ataiweza. Ukikwama uliza hapa, nitakuelekeza hatua kwa hatua, hakuna swali la kijinga.

Na mkishatumia masikio yenu yote, nendeni kwa aliyeishi na huyo mtu. Sie tulikuwa na kompyuta na mpiga besi mwenyewe, tukaishia karibu. Aliyetufikisha ni mtu aliyemjua akiwa hana maikrofoni.

Uwanja ni wenu. Kama una kanda nyumbani yenye sauti usiyoijua ni ya nani, andika hapa ilirekodiwa wapi na unasikia nini. Inawezekana miongoni mwetu humu yupo mtu kama Rehema, anasoma kila siku na haandiki.