Mafuta ya Lumbalumba na Mayai ya Dada

Hii habari, mujinga wake ni mi. Nasema mapema ili musichoke kumutafuta.

Tulikuwa tumekimbia vita ya pili kutoka Fizi, mi na dada yangu mukubwa, tukapata nyumba ya matofali ya udongo hapa Dzaleka, ndani ya kambi ya bakimbizi. Kule kwetu dada alikuwaka na kuku mingi, zingine zilikuwa zinalala juu ya nyumba ya jirani. Siku ya kukimbia alifungua banda, akaziacha ziende. Batu bengine njiani balikuwa banalilia nyumba zao. Yeye alikuwa analilia kuku.

Sasa mama moja Mumalawi, mwenye dada alikuwa anamushonea nguo za batoto, akamupa kuku nyeusi. Ile kuku haikukuwa mboga. Ilikuwa njo mwanzo ya banda mupya. Ilipoanza kulalia mayai ndani ya kitunga, pembeni ya kitanda yangu, dada akaanza kuongea polepole ndani ya nyumba, sawa vile kuko mugonjwa. Mi hata kukohoa nilikuwa natoka inje.

Shida ilikuwa utitiri, bile bidudu bidogo byenye kunyonya kuku damu. Bikizidi, kuku inachoka, inaacha mayai yapoe. Dada alikuwa na dawa ya kwetu: majani ya lumbalumba chini ya nyasi ya kitunga. Harufu yake ni kali, bidudu havipendi. Yakikauka, anaweka mengine. Njo ile tu.

Mi nikaona ni kazi ya bazee. Kama jani linafukuza, mafuta yake si itaua kabisa?

Jirani yetu, mama wa Uvira, alikuwa anapika lutuku, ile pombe kali. Alikuwa na sufuria yenye kufunikwa, na bomba inatoka juu, inapita ndani ya maji ya baridi, pombe inadondoka upande ingine. Nikamuendea.

"Mama, nikopeshe mutambo nipike majani."

"Majani? Unataka kulewesha mbuzi?"

"Nataka dawa."

"Sawa, lakini ukimaliza uoshe vizuri. Bakiliya yangu habakuji hapa kunywa mboga."

Nikajaza lumbalumba, nikapika mpaka kuni zikaisha. Maji yalidondoka mengi, na juu yake mafuta kidogo sana, ya manjano. Nikayavuta na bomba ya sindano ya zamani, nikatia ndani ya kachupa. Nyumba yote ikanuka. Dada akaninusa mudomo kwanza, aone kama nimekunywa.

Kale kachupa nikakabeba mpaka Lilongwe, kwa binamu yangu, fundi wa cherehani pale Mchesi. Mbwa ya mwenye nyumba ilikuwa inalala chini ya mashini ya binamu, na viroboto vyake vilikuwa vinahamia kwa bakiliya. Mutu anakuja kupimwa suruali, anatoka anajikuna. Nikadondoshea mafuta kwa gunia yenye mbwa ilikuwa inalalia. Mbele ya wiki kuisha, mbwa ikaanza kulala usingizi ya kweli, na mwenye nyumba akanishika mukono na mikono mbili, kunishukuru: "Zikomo kwambiri!" Binamu akaniita dokta. Nikarudi Dzaleka natembea na mikono nyuma.

Jumamosi ya kufuata dada alikuwa kwenye kwaya. Mafuta ilibaki ya chini kabisa, basi nikaichanganya na mafuta ya kupikia, ile ya rasyo yenye banatugawiaka kambini, ili itoshe. Nikainua kuku, ikanidonoa, nikaipakaa chini ya mabawa. Kisha nikaona: bidudu si vinaweza kujificha kwa mayai? Nikapakaa mayai, moja moja, mpaka yakang'aa sawa vichwa vya mashemasi kanisani siku ya yenga. Kufika yai ya mwisho, mafuta ikaisha. Nikairudisha vile vile, kavu.

Dada akaingia.

"Nani anakaanga humu?"

"Ni dawa, dada. Ile ile ya Mchesi."

Akainama, akagusa yai, akanusa kidole.

"Na mayai pia?"

"Yote. Karibu yote."

Akakaa kwa kitanda yangu. Kisha akatoa kitambaa, akaanza kuyapanguza, na hakunitukana. Njo pale niliogopa.

Lakini bidudu vilikufa! Kila asubuhi nilikuwa naangalia. "Dada, hata kamoja hakuna." Anajibu, "Mm."

Wakati ya kutotoa ilipofika, ndani ya kitunga hakukutoka hata kifaranga. Dada akaleta beseni ya maji ya vuguvugu, vile banafanyaka kwetu: yai yenye mutoto muzima inacheza juu ya maji. Akaweka ya kwanza. Ikaelea, ikatulia. Ya pili vile vile. Akaendelea kuweka, na mi nilikuwa naangalia mikono yake, mayai nilishindwa kuangalia. Moja tu ikatikisika. Ilikuwa ile kavu.

"Yai inapumuaka, mudogo yangu," akasema. "We uliyaziba pua."

Kakatotoka kamoja, keusi kama mama yake. Mwanzo ya dada ikawa na miguu mbili.

Kuku ilipolalia tena, nikaenda kuchuma lumbalumba mi mwenyewe, majani tu, nikamuletea. Akayapokea, akayapanga chini ya nyasi. Kisha akaona kachupa kamejitokeza kwa mufuko ya suruali yangu.

"Hako," akasema, "mara hii ujipakae we mwenyewe kwanza, toka kichwa mpaka miguu. Ukitotoka, njo uje unipigie hodi."